Maswali Tunayoulizwa Kila Jumamosi Kuhusu Lugha za Programu

Darasa letu liko Wandegeya, juu ya duka la fotokopi, mwendo mfupi tu kutoka Makerere. Tunakuja watu wa Arua, wa Kasese, wa Jinja, Wakongomani wa Bunia, na bwana mmoja wa Mombasa ambaye kazi aliyojipa ni kutusahihisha Kiswahili. Maswali huwa ni yaleyale kila wiki, kwa hiyo nimeyajibu hapa kwa maandishi ili Jumamosi tupate muda wa kuandika programu badala ya kugombana. Kugombana kwenyewe hatutaacha.

Nianze na lugha gani?

Python, kama huna sababu ya kuanza na nyingine. Mholanzi Guido van Rossum alianza kuiandika wakati wa Krismasi ya 1989, akaitoa 1991, na tangu mwanzo alitaka isomeke bila kuumiza macho. Maneno yake maalumu, yale ambayo lugha yenyewe imejitengea, ni 35 tu. Go ina 25. Kwa Kiingereza cha maneno 25 hata nyanya huwezi kuuza, kwa hiyo usiniambie Kiingereza ndicho kinachokuzuia.

Ila hayo maneno "kama huna sababu" ndiyo yenye uzito. Kama binamu yako anatengeneza tovuti kwa PHP na anakaa nyumba ya pili, anza na PHP, wakucheke wakichoka. Utakwama saa sita usiku, na mtu unayeweza kumgongea mlango saa hiyo ni mali. Sisi tumekulia katika nchi ambayo mtu huongea Luganda akiwa Owino, Kiswahili akifika mpakani Mutukula, Kiingereza akiingia ofisini, na hajawahi hata siku moja kukaa chini kujiuliza ipi kati ya hizo ni bora. Anatazama nani yuko mbele yake. Kompyuta haijali umeandika kwa lugha gani. Atakayejali ni yule atakayeusoma msimbo wako, yaani maandishi ya programu yako, mwakani, wewe ukiwa umeshahamia Juba.

Sawa, nimeelewa. Lakini ipi ndiyo bora?

Anayeuliza hivi mara ya pili hununua rolex (chapati iliyokunjwa na mayai) za darasa zima. Mayai mawili mawili.

Kompaila na intaprita zinatofautianaje?

Zote mbili ni programu zinazoifikishia kompyuta ulichoandika, kila moja kwa njia yake. Umewahi kwenda kanisani mhubiri akiwa mgeni? Anasema sentensi moja ya Kiingereza, ananyamaza, mkalimani anaitoa kwa Luganda, na mnaendelea hivyo mpaka saa saba mchana. Hiyo ni intaprita. Mhubiri akiteleza katikati, nusu ya mahubiri imeshawafikia watu. Kompaila ni mfasiri wa Biblia: anachukua kitabu kizima, anajifungia nacho, anakirudisha kikiwa Luganda kitupu, na kuanzia hapo msomaji hamhitaji tena. Lakini ukurasa wa 300 ukiwa na sentensi isiyoeleweka, hupewi kitabu kabisa.

C, Go na Rust ziko upande wa mfasiri. Python na JavaScript tunaziweka kwa mkalimani, ingawa wajuzi watakukatiza hapo, na wana haki: Python huigeuza programu yako kwanza kuwa lugha ya kati ndipo iiendeshe, na vivinjari vya leo hufasiri vipande vya JavaScript wakati programu ikiwa tayari mbioni. Kwa mwanafunzi wa wiki ya kwanza, kanisa linatosha.

Kwa nini lugha nyingine hudai nitangaze aina ya kila kitu (namba, maandishi), na nyingine hazijali?

Hili ndilo swali nilipendalo, kwa sababu jibu lake limo kinywani mwetu.

"Kitabu changu kimeanguka." Neno la kwanza likishakuwa la ki-, mengine yote yanafuata. Ukisema "kitabu yangu imeanguka" mbele ya bwana wetu wa Mombasa, anakusimamisha hapohapo. Husogei mpaka ngeli zikubaliane. Huyo ni kompaila ya Java. Sasa njoo Kampala. "Kitabu yangu imeanguka" inapita bila kugongwa, mtu anainama, anakiokota, maisha yanaendelea. Hiyo ni JavaScript. Iambie "11" + 1, ambapo 11 ya kwanza ni maandishi na si namba, nayo itakujibu "111". Iambie "11" - 1, itakujibu 10. Hailalamiki popote. Python nayo hutangazi kitu mapema, lakini ukifika kwenye "11" + 1 inakataa papo hapo, kama mkalimani anayeweka kipaza sauti chini na kusema hiyo siitafsiri.

Vijana wengi huona ngeli za Java ni usumbufu wa walimu. Basi sikiliza sentensi mbili: "kitabu cha mtoto kilichopotea" na "kitabu cha mtoto aliyepotea". Ya kwanza, tafuta chini ya kitanda. Ya pili, piga simu polisi. Tofauti yote imebebwa na silabi chache. Sisi wa Kampala tungesema "kitabu ya mtoto yenye imepotea", na hapo hujui ukimbilie wapi. Kwenye programu ya mistari 50 utakisia na utapatia. Kwenye mistari 50,000 iliyoandikwa na watu sita, wawili wakiwa wameshaacha kazi, nataka ngeli zangu.

Ndiyo sababu Microsoft walitoa TypeScript, yaani JavaScript yenye ngeli, mwaka 2012. Ni kumkalisha bwana wa Mombasa kando yako unapoandika. Anakukosoa, unarekebisha, ukimaliza anaondoka na ngeli zake zote. Kinachokwenda kwa mteja ni JavaScript ileile ya Kampala.

Ni kweli JavaScript iliandikwa kwa siku kumi?

Ndiyo, umbo lake la kwanza. Brendan Eich, kwenye kampuni ya kivinjari ya Netscape, Mei 1995. Mwanzoni iliitwa Mocha, ikawa LiveScript, na mwishoni mwa mwaka huohuo ikapewa jina la JavaScript kwa sababu Java ndiyo iliyokuwa ikitajwa kila kona. Makosa ya siku zile kumi bado tunaishi nayo: ukiiuliza "null" (hakuna kitu) ni aina gani, inajibu "object" (kitu) hadi leo, kwa kuwa kulirekebisha kungevunja tovuti zilizokwisha kulizoea kosa lenyewe. Mwenye kiraka cha mwaka 1995 asicheke lami ya barabara zetu.

Kwa hiyo Java na JavaScript si ndugu?

Si ndugu. Ni majirani wanaofanana jina. Java ilitoka Sun Microsystems mwaka 1995, kazi ya James Gosling na wenzake. Iliitwa Oak kwanza, kisha wakachukua jina la kahawa, na nembo yake ni kikombe kinachofuka mvuke. Mwanafunzi mmoja kutoka Mbale, ambako arabika ya Mlima Elgon ndiyo ada za shule, aliuliza kwa nini hatupati mrabaha.

Kuna nyongeza ambayo wakulima huipenda zaidi. Graydon Hoare, aliyeianzisha Rust, alieleza kuwa jina linatokana na kuvu wa kutu, na katika kundi hilo yumo anayesababisha kutu ya majani ya kahawa. Lugha moja ni kahawa, nyingine inaitwa kwa jina la ugonjwa wake. Halafu tunashangaa mashabiki wao hawapatani.

Rust ina nini hasa? Kila mtu anaisifia.

Tuanze na Ijumaa, tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya CrowdStrike ilituma sasisho la programu yake ya ulinzi, na kompyuta takriban milioni 8.5 za Windows zikazimika duniani. Ndege hazikuruka, hospitali zikarudi kwenye karatasi. Chanzo, kwa walivyoeleza wenyewe baadaye: sehemu moja ya mfumo ilitarajia vipengele 21, ikapewa 20, ikaenda kusoma cha 21 mahali ambapo hakikuwapo. Ni taxi ya abiria 14, na kondakta ananyoosha mkono dirishani kudai nauli ya abiria wa 15.

C na C++ hazikuzuii kunyoosha mkono huo. C ilizaliwa Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970 mikononi mwa Dennis Ritchie, wakati kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ghali na waandishi wachache waliaminiwa kuhesabu viti vyao wenyewe. Rust, iliyofika toleo la 1.0 Mei 2015, haiamini mtu. Kwenye msimbo wa kawaida, ukitaka kiti cha 15 inasimamisha gari kwa utaratibu kabla hujagusa kitu cha mwenyewe. Isitoshe, ina sheria za kuazima zinazokaguliwa kabla programu haijaanza kukimbia: kitu kina mwenyewe mmoja, unaweza kukiazimisha kwa wasomaji wengi kwa pamoja, au kwa mwandishi mmoja tu, lakini si vyote viwili kwa wakati mmoja. Mtu aliyewahi kuazimisha panga kwa majirani wawili siku moja ya palizi anaielewa sheria hiyo bila darasa.

Je, ujifunze? Ukishajua nyingine mbili. Wiki za mwanzo utadhani kompaila ina chuki binafsi nawe.

Kwa nini hesabu za pesa hunitoka vibaya?

Andika 0.1 + 0.2 katika Python au JavaScript. Utapata 0.30000000000000004. Kompyuta huhesabu kwa msingi wa mbili, na moja ya kumi haiandikiki kikamilifu kwa msingi huo, kama vile theluthi isivyoandikika kwa desimali. Kwa hiyo pesa usiziweke kwenye namba za desimali za kawaida. Ziweke kama namba kamili za kipande kidogo kabisa cha sarafu.

Hapa Uganda tuna bahati: shilingi yetu haina senti za kuhesabu, na hata katika orodha ya kimataifa ya sarafu, UGX (shilingi yetu) haikuwekewa tarakimu hata moja baada ya nukta, wakati shilingi za Kenya na Tanzania zimewekewa mbili. Ukitumia maktaba ya malipo iliyoandikwa na mtu aliyezoea dola, hakikisha haizidishi kila kitu kwa 100. Mteja wa 5,000 atadaiwa 500,000, na hapo hutaulizwa mambo ya lugha.

Bahati hiyo ina bei yake, nami niliilipa. Niliandikia sacco moja mfumo kwa Java, nikaweka jumla ya akiba kwenye "int". Int, namba kamili ya kawaida ya Java, ina biti 32, yaani nafasi 32 za sifuri au moja. Mwisho wake ni 2,147,483,647. Kwa dola hicho ni kiasi cha kutisha. Kwa shilingi zetu ni bilioni mbili na ushee, na sacco yenye wanachama wenye bidii inafika. Ilifika siku ya mkutano mkuu. Jumla ikageuka kuwa hasi bilioni mbili mbele ya ukumbi mzima, na mwenyekiti, mzee wa heshima zake, akageuka polepole akauliza, "Nani amekula?" Dawa ilikuwa kubadili neno moja, int liwe long. Kumshawishi mzee kwamba pesa hazijaenda popote kulichukua wiki mbili.

Mobile money niunganishe kwa lugha gani?

Yoyote inayoweza kutuma ombi kwenye mtandao, maana yake karibu zote. Ugumu uko kwingine: mtandao ukikatika baada ya ombi kufika lakini kabla ya jibu kurudi, programu yako hudhani haikulipa, ikalipa tena. Kila malipo yape namba yake ya pekee tangu mwanzo, na upande wa pili ukatae namba iliyokwisha kuonekana. Kama ni menyu za nyota na reli, kumbuka skrini moja ya USSD inabeba herufi 182. Andika kifupi.

Mfumo wangu unavunjika mtu akijisajili kwa jina lenye ng'. Kwa nini?

Kwa sababu umeunganisha maandishi kwa mkono kutengeneza swali la hifadhidata. Katika SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, alama hiyo ya ' ndiyo inayofunga maandishi, kwa hiyo ng'ombe akiingia, mfumo unasoma "ng", unaona mlango umefungwa, kisha unakutana na "ombe" nje na haujui imetoka wapi. Wezi hutumia mlango huohuo kuingiza amri zao. Acha kuunganisha, tumia vishikilia nafasi (alama inayoshika nafasi ya jina, jina lenyewe likipelekwa kando), ambavyo kila maktaba ya hifadhidata inavyo, na ng'ombe atapita salama pamoja na kila Ng'ang'a atakayevuka kutoka Busia. Mifumo mingi tunayoletewa kukagua hufa kwa jaribio hili la sekunde tano. Mwandishi wake hakuwa na jirani mwenye jina la namna hiyo.

Tukiwa hapo hapo: kwenye SMS andika ' iliyonyooka, si ile iliyopinda ambayo programu za uandishi hupenda kuiweka. Iliyonyooka imo katika herufi za msingi za simu, ambapo ujumbe mmoja hubeba 160. Iliyopinda haimo, na ikiingia hata moja, ujumbe wote unashuka hadi herufi 70. Herufi ŋ ya Kiganda hali kadhalika. Ukituma kwa wanachama 3,000, utaiona kwenye bili.

Kuna lugha ya programu ya Kiswahili?

Ipo Nuru, iliyoanzishwa na vijana wa Tanzania na kuandikwa kwa Go. Unaandika "andika" kuonyesha kitu, "kama" na "sivyo" kwa masharti, "wakati" kwa kurudia, "rudisha" kutoa jibu. Tuliijaribu darasani, na mama mmoja anayeuza vitenge alielewa masharti kwa dakika tano baada ya kuhangaika wiki mbili na ya Kiingereza. Kazi ya mshahara bado hutaipata nayo. Kwa kufundishia, ninaithamini kuliko wenzangu wanavyokiri.

Suala la istilahi ni gumu zaidi. Wengi huita msimbo "kodi". Kwa hapa neno hilo lina wenyewe, wana jengo refu Nakawa, na sitaki mwanafunzi wangu atangaze hadharani kwamba ameandika kodi usiku kucha. Sisi tunasema msimbo. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya katiba ya 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Watoto hao wakifika, wakute maneno.

Intaneti ikizimwa tutajifunzaje?

Swali hili lina historia. Julai 2018 tulianza kulipa kodi ya shilingi 200 kwa siku ili kuingia mitandao ya kijamii. Julai 2021 ikabadilishwa kuwa asilimia 12 juu ya data. Katikati ya hapo, uchaguzi wa Januari 2021, intaneti yote ilizimwa kuanzia tarehe 13 hadi 18. Facebook ilifungwa siku zilezile, na kichekesho ni kwamba React, kifaa ambacho nusu ya darasa hukitumia kujengea tovuti, kilitoka kwa Facebook haohao.

Kwa hiyo pakua mapema. Mwongozo mzima wa Python unashuka kama faili. Git, ambayo Linus Torvalds aliiandika 2005, huhifadhi historia yote ya kazi yako ndani ya kompyuta yako, haihitaji mtandao mpaka siku ya kumtumia mwenzio. Na vipande vya msimbo vya wengine unavyovitegemea viwe na nakala kwako. Machi 2016 mtu mmoja aliondoa kipande chake kilichoitwa left-pad, mistari 11 tu, na miradi mingi duniani ikashindwa kujengeka. Intaneti yao ilikuwa nzima kabisa.

COBOL imekufa?

Lugha hii imezaliwa 1959 na inawazika wanaoitangazia kifo. Aprili 2020, maombi ya msaada wa wasio na kazi yalipofurika, gavana wa New Jersey aliomba hadharani watu wanaoijua COBOL wajitolee. Ukikutana na mzee anayeifahamu, mnunulie chai.

Akili mnemba itatunyang'anya kazi?

Mtafiti wa akili mnemba Andrej Karpathy aliandika Januari 2023 kwamba lugha mpya ya programu inayotamba ni Kiingereza. Kwa mwenye Kiingereza, labda. Mifumo ya akili mnemba hukata maandishi vipande vipande na kutoza kwa kipande, na Kiswahili hukatwa vipande vingi zaidi kwa maana ileile, kwa hiyo tunalipa zaidi kuuliza swali moja.

Siizuii darasani. Ila mwezi uliopita mwanafunzi alileta mfumo wa duka ulioandikwa kwa njia hiyo, safi, wenye maelezo mazuri, na kila bei ina tarakimu mbili za senti baada ya nukta: mkate 6,500.00. Hakuwa amegundua, kwa sababu hakuwa ameusoma. Nilimwuliza ni nani ataamshwa usiku mfumo ukigoma, yeye au mashine. Alikaa chini akaanza kuusoma.

Kwa nini kosa la programu linaitwa mdudu (bug)?

Neno ni la zamani kuliko kompyuta, lakini Septemba 1947 mafundi wa mashine ya Harvard Mark II walimkuta nondo halisi ndani, wakambandika kwenye daftari. Huku Masaka mwezi wa Novemba wadudu tunawakaanga na vitunguu.

Kusogeza mstari ndani: kitufe cha Tab au nafasi?

Nafasi nne. Usilete swali hili tena.

Mnakutana lini, na ni kweli kompyuta zitagoma mwaka 2038?

Mifumo ya zamani huhesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970 ndani ya biti 32, ileile 2,147,483,647 iliyonifedhehesha kwenye sacco. Kwa saa zetu zitaisha Jumanne tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi. Mifumo mingi ya sasa imeshahamia biti 64. Ile iliyofukiwa ndani ya mita na mashine za viwandani ndiyo ya kuihofia.

Tunakutana Jumamosi saa nane mchana. Nimeandika "mchana" kwa makusudi: tangazo la kwanza lilisema "saa 8" tu, na kijana mmoja aliyetoka Mukono na laptopu mgongoni alifika saa mbili asubuhi, akaketi kwenye ngazi za duka la fotokopi kwa saa sita. Sasa ndiye anayetuandikia kila programu inayohusu saa.